Watu Thelathini na Mmoja Wanaopenda Kuogelea

Mtaani walimwita Printa, na ukimwita kwa jina lake la kwenye cheti hageuki. Kibanda chake kilikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kutolea kopi, kiti cha mteja chenye mguu uliofungwa waya, na ukutani tangazo: CV DAKIKA TANO. Hakuwa akitania. Wewe utaje jina, umri na shule, yeye abonyeze kitufe, karatasi itoke ikiwa bado ya moto.

Siri ya dakika tano ilikuwa programu aliyoiandika mwenyewe. Tangu amalize shule alikuwa akijiandaa kwenda kusomea sayansi ya kompyuta, na kujiandaa kwake hakukuwa kwa mdomo. Alijifunza kwa video za bure, akakosea, akaitukana kibodi, akarudia, hadi siku moja mashine ikatii. Chuo kilishampokea mara mbili, na mara mbili nafasi ikapotea kwa kukosa ada.

Programu hiyo haikuwa na dogo. Kila mteja alikuwa mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Kila mteja alipenda kusoma vitabu na kuogelea, katika mji ambao hata maji ya kuoga ni ya kuviziwa. Na kwa kuwa wengi hawakuwa na mtu mzito wa kuwadhamini, Printa aliwaazima wa kwake: mjomba wake mwenye bucha, ambaye kwenye karatasi aliitwa Meneja wa Usambazaji wa Mazao ya Mifugo. Alimfundisha na maneno ya kusema simu ikipigwa.

"Lakini mwanangu, watu wenyewe siwajui," mjomba aliwahi kulalamika, kisu mkononi.

"Mjomba, hakuna anayepiga hizo simu."

Basi kampuni moja ya kutengeneza programu ikatangaza kwamba inamtaka mtu mmoja, mmoja tu, anayejiandaa kuingia chuo kusomea kompyuta. Itamlipia ada yote, naye atafanya kazi kwao huku akisoma. Printa alilisoma tangazo mara nne. Chuo kilishampokea mara ya tatu, na kilimwandikia wazi kwamba hakutakuwa na ya nne. Hii ikimpita, kwisha habari yake.

Bahati mbaya, mtaa mzima nao unajua kusoma. Wiki hiyo foleni ya kibandani ilifika hadi kwa fundi viatu, na Printa, kwa tamaa zake, hakumrudisha mtu. Aliwachapia wote. Kisha akachapa yake kwa programu ileile, maana aliona haina mfano. Jamani! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Siku ya usaili alivaa viatu vya dada yake vilivyombana, akabeba vyeti sita vya mafunzo ya mtandaoni alivyovichapa kwa rangi. Mkurugenzi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, na mbele yake palikuwa na rundo la karatasi.

"Kaa, binti. Unapenda kuogelea?"

"Sana, mama."

"Mtindo gani?"

"Ule wa... kwenda mbele."

"Nina watu thelathini na mmoja hapa wanaopenda kuogelea. Nilidhani nimeletewa timu ya taifa." Akachukua simu, akaweka spika. "Na wote wanadhaminiwa na meneja mmoja wa mifugo. Hebu tumsikie."

Upande wa pili mifupa ilikuwa ikikatwa, pa! pa!

"Haloo! Ni mchapakazi, mwaminifu, anafanya kazi chini ya shinikizo!"

"Mzee, bado sijataja jina."

"Mama, ni wewe tena? Tangu asubuhi! Nimeshakwambia, wote ni wachapakazi. Niache, nina wateja."

Simu ikakatwa. Printa alitamani ardhi ipasuke immeze, viatu vya dada na vyote. Alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza maishani akaukosa.

"Ni mjomba wangu," akasema. "Ana bucha. Na hizo CV zote nimechapa mimi. Kuna programu niliiandika."

Mkurugenzi akavua miwani. "Inafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Naona. Imewafuta watu thelathini na mmoja, na wewe ukiwemo." Akalisukuma rundo mbele. "Mimi nina karatasi tu, wewe umekaa nao uso kwa uso. Niambie, nimwite nani tena?"

Loo, hapo ndipo pagumu. Kwa sababu Printa alijua.

Kulikuwa na Mama Pacha, mfagizi wa zahanati, naye akijiandaa kusomea kompyuta, aliyekalia kile kiti kibovu akazungumza nusu saa huku foleni ikinung'unika. Aliona kina mama wanasahau tarehe za kuwarudisha watoto kwa chanjo. Basi kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka akaunda jedwali linalohesabu tarehe lenyewe, na kila asubuhi linamtajia nani wa kupigiwa. Alijifunza kwa kuuliza kila mwenye kompyuta, hadi daktari akawa anamkwepa kwenye korido. Alikuja na daftari la makosa yake yote na jinsi alivyoyarekebisha. Printa alimwambia, "Mama, hiyo haiingii kwenye ukurasa mmoja," akabonyeza kitufe. Akampa kuogelea.

Wivu ulimkaba, wivu hasa. Sema hakuna, moyo ulimwambia, nani atajua?

"Yuko mmoja," akasema, na hapohapo akajilaani.

Akaeleza. Na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyonogewa, hadi akasimama, akageuza cheti kimoja cha rangi akalichora lile jedwali nyuma yake. Mkurugenzi alipouliza ingekuwaje mtoto akihama, Printa alijibu. Alipouliza kuhusu simu zisizopatikana, alijibu pia, kwa ukali, utadhani jedwali ni la mama yake mzazi. Saa nzima ilikwisha hivyo.

"Asante, binti," mkurugenzi akasema, akaichomoa karatasi ya Mama Pacha. "Umenisaidia sana."

Wiki iliyofuata Mama Pacha alikuja kibandani akilia kwa furaha, akamkumbatia, anashangaa walimjuaje. "Hongera, mama," Printa akamwambia, na nusu yake ilitoka moyoni. Nusu nyingine alienda nayo kwa mjomba.

"Kapata nani?" mjomba akauliza.

"Mfagizi wa zahanati. Nilimweleza vizuri mno, mjomba."

"Na wewe ulijielezaje?"

Katika saa nzima ile Printa hakuwa amesema neno hata moja juu yake mwenyewe. Vyeti vitano vilirudi nyumbani ndani ya bahasha bila kuonyeshwa. Iliuma, tena iliuma vibaya.

"Sikujieleza."

Mjomba akawaambia wateja wasubiri, akafuta mikono kwenye aproni.

"Basi nieleze mimi," akasema. "Watu thelathini nimewasifia na siwajui. Wewe umekulia nyumbani kwangu, na nikiulizwa hiyo kompyuta unaifanyia nini, sina jibu."

Printa akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Wateja nao wakasogea wasikilize. Akatafuta pa kuanzia, na kilichomjia mdomoni kilikuwa mchapakazi, mwaminifu.