Unga wa Tanuri Kwenye Kihenge cha Mama

Makamasi yangu yalikuwa meusi kuliko mkaa. Kiwandani kwetu, nje kidogo ya Tabora, tulitengeneza manganizi iliyosafishwa, ile inayopunguzwa kaboni mpaka wenye viwanda vya chuma waikubali. Kuipika sikuona kinyaa. Madini yakiyeyuka yanapendeza kuliko bibi harusi. Kinyaa kilianzia kwenye mavi ya chuma, yale mabaki tuliyoyamwaga shimoni. Unayamwaga, yanaganda kuwa jiwe. Nenda kanywe chai. Ukirudi, jiwe limejipasua lenyewe likawa unga laini wa kijivu, na unga huo umeshaingia kwenye chai yako, masikioni, kwenye mate. Ukuta wa nyuma ya tanuri, ambako zamu nzima ilipenga kamasi, ulikuwa na ngozi nene kuliko ya kiboko. Nilipita hapo nimefumba macho.

Sasa, mtu mwenye kinyaa kiasi hicho ndiye aliyejaza unga uleule kwenye mfuko akampelekea mama yake huko Itetemia.

Mama, kama wazee wake, alihifadhi mahindi kwa kuyachanganya na majivu ili wadudu dumuzi wasiyatoboe. Mwaka ule majivu yalishindwa. Ukitega sikio kwenye kihenge ungedhani treni ya Kigoma inapita ndani. Nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na kemia niliijua kuliko aliyeianzisha.

"Mama," nikamwambia, "majivu ni ya zamani. Unga huu umetoka kwenye moto ambao jehanamu ingekuja kuuazima."

Tukachanganya. Ndani ya wiki moja dumuzi wote chali. Mama akaniita mganga, na kila Jumapili nikala ugali wa mahindi yale, mlima mzima.

Siku moja nikajigamba kwa dada wa maabara, anayepima sampuli zetu. Hakucheka.

"Msomi, na ugali wa mahindi hayo umeula?"

"Bila kubakiza."

"Dumuzi walipokufa hukujiuliza nini kimewaua? Unga ule bado una manganizi. Ukiila mara kwa mara, inapanda kichwani. Mikono inatetemeka, mtu anatembea kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto. Utatembea hivyo Itetemia nzima, mama yako nyuma."

Nilitapika palepale, kwenye ndoo yake safi.

Jioni nikamkuta mama anapepeta. Shikamoo, marahaba, kisha nikamwambia mahindi yote yamwagwe. Kihenge kizima, chakula chake mpaka mavuno.

"Nimeyaosha maji matatu," akasema.

"Hata uyaoshe thelathini, mama. Nitakulisha mimi."

"Si wewe uliyeuleta unga huo?"

"Ni mimi."

Mama aliweka ungo chini. Alifungia kuku wasije wakadonoa, akanipa jembe. Nikachimba shimo la kuzika tembo, nikamwaga debe baada ya debe. Unga ulipanda ukanikaba kooni, na ladha yake ikawa ya sarafu iliyonyonywa na watu kumi. Nilitema mpaka mate yakaniishia.

Debe moja halikuonekana. Nikalikuta chini ya kitanda chake, limefunikwa kanga.

"Hiyo ni mbegu," akasema. "Mbegu hailiwi."

"Mama, unalala juu ya sumu."

"Nimelala juu ya mbegu hiyo tangu kabla sijakuzaa. Nilipewa na mama yangu. Hebu niambie duka gani wanayo."

Nikapiga magoti kando ya debe. Nikaingiza mkono. Punje zilikuwa nzima, nzuri, zimepakwa ule unga wa kijivu kama uso wa mgonjwa. Kucha zangu zikabadilika rangi. Nikalitoa debe nje, nikavuta kigoda, nikajifunga kitambaa puani, nikaanza kufuta punje mojamoja kwa tambara bichi. Nafuta, natema.

Mama akaketi mbali kidogo, upande usio na upepo.

"Usizilowanishe sana, baba," akasema. "Zitaotea humo humo kwenye debe."