Mashavu ya Mdogo Wangu

Enzi za Mwingereza, kwetu Ntalikwa, mdogo wangu wa kike alikuwa na kazi yake: kufukuza kuku wasile muhogo tulioanika. Umri wa shule ulikuwa mbali bado. Alikimbia uwanja mzima, "Shii! Shii!", mpaka mama anashika mbavu kwa kicheko.

Mama alipopata mimba nyingine alimwachisha ziwa, ndiyo desturi. Akala ugali wa muhogo kama sisi sote. Baadaye akaacha kukimbia. Alikaa tu mkekani, kuku wakidonoa hadi miguuni pake. Lakini mashavu yalijaa! Jirani akamtania, "Huyu sasa mke wa mtemi, mtumikieni." Tukacheka. Sina hakika nakumbuka yote sawasawa, ila ubaya haukuwamo.

Baba alipopeleka karanga dukani Mtendeni alimpakata mdogo wangu, akamweka kwenye mizani ya mwenye duka, Mhindi mmoja aliyekwisha kumpima msimu uliotangulia.

"Ameongezeka, mzee! Utaniuzia huyu au karanga?"

Baba alirudi anatembea kwa maringo. Mwenye duka hakudanganya, na mizani yake ilikuwa sawa.

Ngozi ya miguu ilipoanza kubambuka, mama alimpeleka zahanati, nami nikambebea mkeka. Mganga akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Mama, huku si kunenepa. Ni maji."

Akalazwa, akanyweshwa maziwa. Maji yakatoka, na mashavu yakaenda nayo. Mbavu zikahesabika. Asubuhi moja kuku alipita mlangoni, mdogo wangu akanyanyuka, akashika ukuta. "Shii!"

Mama alikuwa kisimani. Aliporudi akaona mbavu tu, akamgeukia mganga.

"Nimewaletea mtoto mnene, mnanipa mifupa?"

"Mama, leo amefukuza kuku," nikasema.

"Kufukuza kuku kunaleta nyama?"

Mganga alimsihi. Pengine angemweleza kwa Kinyamwezi angesikilizwa, lakini hakukijua. Mama akamfunga mtoto mgongoni tukaondoka. Simlaumu, macho yake hayakumdanganya, mtoto alikuwa amekonda.

Nyumbani ugali ukawa uleule. Mashavu yakarudi. Jirani akapiga vigelegele, mama akamshukuru Mungu. Mdogo wangu hakunyanyuka tena. Siku tuliyomzika hakuna aliyekumbuka kuanua muhogo. Tuliporudi kutoka kaburini kuku walikuwa wamekwisha kuumaliza, na mama hakuwafukuza.