Mtihani, Baba Mkwe na Kompyuta Isiyosalimia

Nilipoanza kusoma shahada ya uzamili ya elimu kwa njia ya mtandao, mwalimu mwenzangu aliniambia kuwa nitasoma huku napika. Alisema kweli, ila hakuniambia kwamba nitakuwa pia natazamwa. Mtihani wa chuo chetu hausimamiwi na mtu. Unasimamiwa na programu inayokukodolea macho kupitia kamera ya kompyuta, nayo ina masharti kumshinda mganga: uwe peke yako, usiongee, usiangalie pembeni, uso usitoke kwenye kioo. Ukiyavunja unahesabika umedanganya, na aliyedanganya anafukuzwa masomo.

Mtihani wa mwisho niliufanyia nyumbani kwangu, Kasense. Nilitoa kuku, nikatoa ndoo ya unga wa ulezi, nikazungusha kompyuta ili programu ijionee kuta. Mume wangu nikamweka mlangoni azuie watu. Aliifanya kazi vizuri. Alimzuia jirani aliyekuja kuomba chumvi, akamzuia katekista, akazuia hata mbuzi. Ila hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumzuia baba yake.

Baba mkwe alitoka Mwimbi bila taarifa, maana kwake kutoa taarifa ni kuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mwanao. Alimpita mume wangu, akaingia na koti lake la baridi, akasimama katikati ya chumba akisubiri.

Asiyekulia Ufipa atasema ningempungia mkono tu. Baba mkwe hapungiwi mkono. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unamsalimu, naye anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za kazi, moja baada ya nyingine, na kila moja inataka jibu lake. Ukibaki kwenye kiti umemtukana. Nilimtazama yeye, nikaitazama kamera. Na swali lililokuwa kwenye kioo wakati huo, naapa, lilitaka nieleze mwalimu afanye nini ili kuheshimu mila za jamii inayoizunguka shule.

Nikachuchumaa.

"Shikamoo baba," nikasema huku napiga makofi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

Juu ya meza kompyuta ikaanza kulia. Sauti ya mwanamke asiye na subira ikasema, "Mtahiniwa haonekani. Rudi mbele ya kamera."

Baba mkwe akainua uso. "Nani huyo?"

"Ni mtihani, baba."

"Sasa mbona hasalimii?"

Akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaisalimu kompyuta kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili, isije ikawa ni mgeni. Programu haikuitikia. Ilisema imeona uso usiotambulika, ikaufunga mtihani. Baba mkwe akanigeukia na kuniambia kwa upole kwamba huyo mtu hakulelewa.

Nililia mbele yake, na kulia mbele ya mkwe nako si adabu, lakini adabu zangu zilikuwa zimeniishia. Masomo yote yale, kwa baridi yetu hii, na blanketi mabegani, sasa yalikuwa yananiishia kwenye neno moja: udanganyifu. Baba mkwe alipoelezwa maana yake hakukimaliza chakula. Akaahirisha kurudi Mwimbi. Alisema hawezi kuondoka na kuacha jambo limelala.

Chuo kikaniita mbele ya kamati, kwa mtandao vilevile. Mwenyekiti akauliza yule mzee alinipa jibu gani. Nikasema hakunipa jibu, aliniuliza habari za hapa, na hata kwenye mahindi hatukufika. Wakataka kumsikia mwenyewe. Baba mkwe, aliyekwisha kuvaa shati lake la misa, akakaa mbele ya kamera. Wakamuuliza, akanyamaza. Wakamuuliza tena, akawatazama tu. Ikabidi niwaambie kuwa mzee anasubiri kusalimiwa.

Mwenyekiti akakohoa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mifugo?"

Mwenyekiti akakiri kuwa hana mifugo. Baba mkwe akampa pole sana, akamuuliza ilikufa kwa ugonjwa gani. Walipofika kwenye habari za mvua, muda wa kikao ulikuwa umekwisha. Mjumbe mmoja, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mkono tangu kwenye mifugo, akasema kamati imejionea. Nikaruhusiwa kurudia, mara moja tu. Akionekana mtu mwingine, basi tena.

"Mlango nitalinda mimi," baba mkwe akasema, na mume wangu hakubisha.

Siku ya kurudia, upepo wa kiangazi ulikuwa unakata. Akaweka kigoda nje, nami nikafunga mlango, nikaanza kuandika. Baadaye kidogo nikasikia dada yake, shangazi wa mume wangu, aliyetoka Chala kuja kutusalimu, akibisha hodi. Mzee huyu hajawahi kumrudisha mgeni maisha yake yote.

"Hapa leo hakuna mtu," akamwambia.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi pia sipo."

Nikang'ata mdomo nisicheke, maana kucheka nako kumekatazwa kwenye masharti. Kisha nje kukawa kimya kabisa, nikajua shangazi amekasirika na kuondoka, na kwamba mtihani huu utatugharimu undugu. Niliandika nikiwa na uchungu huo mpaka swali la mwisho.

Nilipofungua mlango, shangazi alikuwepo. Walikuwepo na majirani, na watu wa jumuiya ya kanisani, na waliokuwa wakipita tu wakaona wenzao. Wote wamechuchumaa ukutani wakijikinga na upepo, kwa sababu huondoki kwa watu kabla hujawasalimu, na baba mkwe alikuwa amewakataza hata kukohoa. Midomo yao ilikuwa imepauka. Yeye mwenyewe akainuka kwenye kigoda.

"Ameridhika?" akauliza, akiionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Ameridhika, baba."

Nilifaulu. Pamoja na matokeo, chuo kilinitumia taarifa ya programu kuhusu siku ile. Ilisema kwamba tangu mwanzo hadi mwisho mtahiniwa alikuwa peke yake.