Tundu la Kupitishia Sauti ya Mama

Mama alikataa katakata kulala nyumbani kwangu. Kwao, mkwe anaheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Mwanamke mtu mzima kulala chini ya paa la mume wa binti yake, amsikie akikoroma, naye aonekane akielekea msalani asubuhi na kanga moja, kwake ilikuwa aibu isiyofutika. Hata baada ya kiharusi kumpoozesha upande wa kulia, jibu halikubadilika. "Nitakufa kwangu, mwanangu. Kwa mkwe nitakuja kula ubwabwa wa sikukuu."

Kwake hakukuwa mbali. Kati ya nyumba zetu pale Mtoni palikuwa na kiwanja kitupu tu, ambacho kila mtu alikitumia: kuanikia nguo, watoto kuchezea mpira, kufungia turubai la msiba. Usiku alilala na mjukuu wake wa kike, mtoto wa kaka yangu. Mchana binti yule alikuwa shule, na mimi nilikuwepo nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimepunguzwa kazini. Nilisomea ufundi wa redio chuoni, nikaajiriwa, na ulipokuja upepo wa kupunguza watu tukaanza kutolewa wanawake, eti sisi tuna waume wa kutulisha. Hilo sijalisamehe mpaka leo. Nikaweka meza dirishani, nikawa natengeneza redio kaseti, ambazo wakati ule zilikuwa zimejaa mjini.

Shida ilikuwa sauti ya mama. Kiharusi kilimwachia sauti ndogo, isiyofika hata mlangoni. Simu ya mezani uliomba ukazeeka ukiisubiri. Nikavuta waya kutoka kwake mpaka kwangu, ukaibwa. Nikavuta mwingine, nao ukaibwa, maana shaba ilikuwa na wanunuzi. Basi nikasema, nitampitishia sauti kwenye mwanga, niwaone watauiba vipi.

Zile taa ndogo nyekundu zinazowaka mbele ya redio zinaweza kung'aa na kufifia upesi mno, jicho lisione kitu. Niliweka maiki kwenye mto wa mama, nikaiunganisha na taa moja dirishani kwake, na mbele ya taa nikaweka kioo cha kukuzia maandishi ili mwanga usitawanyike. Upande wangu nilichomoa kibao cha sola kwenye kalkuleta iliyokufa, nikakitia ndani ya kopo la maziwa nililolipaka rangi nyeusi, nikalielekeza kwake. Mama akisema, taa inatetemeka. Kibao kinapokea ule mtetemo, na spika yangu inautoa ukiwa sauti yake. Mtu aliyepita nje aliona taa nyekundu dirishani, basi.

Siku ya kwanza nilimsikia akikohoa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Baada ya hapo nilikuwa nikisikia kila kitu: tasbihi yake, ugomvi wake na nzi, nyimbo za ngoma za ujanani mwake. Mpira ukipita katikati, sauti ilikatika kidogo kisha ikarudi. Akiniita, nilikuwa nimeshavuka kiwanja kabla hajaita mara ya pili.

Kisha kiwanja kikauzwa. Nani alikiuza sijui; tuliambiwa tu kimepata mwenyewe, mfanyabiashara wa mitumba, na ana hati. Matofali yakashushwa. Ukuta haujafika hata magotini nikamfuata, nikamleta mezani kwangu, akamsikia mama akijisemea kwamba leo joto limezidi. Yule bwana akashika kiuno.

"Sista, hii ishu umeitoa Japani?"

"Nimeitoa hapa hapa mezani."

"Basi mie nakuachia tundu. Tofali moja zima haliwekwi pale. Neno langu hilo."

Kweli aliliacha. Ukuta ukapanda, mwanga ukapita tunduni, na yeye akawa analeta marafiki zake kuja kulitazama. Walikuwa wakiingiza mkono ndani ya tundu ili wakate maneno ya mama yangu, halafu wanacheka. Nilivumilia. Mwomba chumvi huombea chungu chake.

Lakini alipokaribia kumwoza binti yake, akaona ukuta wenye tundu unamwaibisha, wageni watadhani ameishiwa tofali. Mafundi wakaliziba kwa upande wake, ule unaotazama kwa mama, wakapaka rangi nyeupe; kwangu tundu lilionekana kama kawaida. Hakuja kuniambia, wala hakutuma mtu. Mtu aliyesimama mezani kwangu akamsikia mama yangu kwa masikio yake mwenyewe!

Asubuhi ile spika ilikuwa ikivuma taratibu, kama ilivyovuma kila mama alipopitiwa na usingizi baada ya chai. Nikajua kalala. Niliendelea kulehemu redio ya mteja mpaka yule mtoto wa kaka aliporudi shule na kuja kwangu mbio. "Shangazi! Bibi yuko chini!"

Tulimkuta sakafuni kando ya kitanda, kanga imelowa, midomo imekauka. Alikuwa ameivuta maiki mpaka chini, ameishika karibu na mdomo.

"Nimekuita," aliniambia. "Nimekuita sana. Mwisho nikasema, keshachoka na mie, ana haki yake."

Nilitazama dirishani kwake, nikaona tundu limezibwa, nikamweleza. Nilimwinua nikamwonyesha dirishani ule weupe mahali tundu lilipokuwa. Akaitikia kwa kichwa, "Sawa, mwanangu," vile mtu anavyomwitikia mwongo anayempenda.

Nilikwenda kwa yule bwana. "Pole sana, sista," akasema. "Ungeniambia kama ni muhimu kiasi hicho." Ungeniambia! Nikaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, na yeye akanijibu mbele ya watu: "Mama, mwenzio kiwanja chake kina hati. Huo mwanga wako una hati?" Watu barazani wakacheka. Sikuona cha kuchekesha wakati ule na sikioni leo. Mwanga wa mama yangu ulipita pale kabla yule mwenye hati hajajua Mtoni iko wapi.

Nilinunua fito mbili ndefu za mkoko, nikasimamisha moja kwake na moja kwangu, taa na kopo vikaonana juu ya ukuta. Sauti ilirudi safi kuliko mwanzo.

Ila mama hakuniita tena. Nilimsikia akihema. Nilimsikia akiburuta mguu, akigonga kikombe, akisema "Ya Rabi" kwa kujikaza. Mara ya kwanza niliacha kila kitu mezani, nikauzunguka ule ukuta wote mbio, nikamkuta ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ukitafuta pa kushika. Alinitazama kwa haya, akaivuta kanga yake vizuri kama aliyeingiliwa na mgeni.

"Mbona umeacha kazi yako?" akaniuliza. "Nani kakuita?"