Mizizi Iliyomenywa

Majirani walimwita Mama Miiba kwa sababu ya ua wake. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na nyumba yake ilizungukwa na mitandamboo, vichaka vya kienyeji visivyopukutisha majani mwaka mzima, vyenye miiba ambayo hata mbuzi waliiogopa. Maua yake meupe yalinukia hadi chumba cha kushonea. Kifua kilipombana, alichimba mzizi, akauchemsha, akanywa. Waliokuja kupimwa nguo huku wakikohoa walipata kikombe pia.

Kisha shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akahamia chumba cha uani. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli, mtu wa maneno matamu. Hata hajamaliza kupanga vyombo, akauliza nyumba itabaki kwa nani.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, shemeji."

Hilo "nauliza tu" lilimkaa rohoni.

Jioni moja akamletea fungu la mizizi, imemenywa, nyeupe pee. "Kifua chako kimezidi. Nimekuepusha na kuchomwa na miiba."

"Umeitoa wapi?"

"Kazini. Kule kuna kichaka kizima."

"Mbona umeimenya?"

"Usafi tu. Kwani kuna ubaya?"

Alishukuru, lakini mzizi usio na ganda hautambuliki ni wa mti gani; akaiweka juu ya kabati, akajichimbia yake.

Kesho yake alifunika cherehani mapema, akaenda hotelini akisingizia kuulizia kazi ya vitambaa vya meza. Nyuma ya jiko aliona kichaka chenye majani mazito ya kung'aa, maua meupe, harufu ileile, na udongo uliofukuliwa shinani. Alipapasa matawi. Hayakuwa na mwiba hata mmoja. Mama yake aliwahi kumwonyesha kichaka hicho: kinafanana na mtandamboo kama pacha, ila sumu yake wawindaji walipaka kwenye mishale.

Alirudi nyumbani bila kumwambia mtu. Alichemsha mizizi ile, akamimina kikombe kimoja, akamwita shemeji.

"Kunywa wewe kwanza."

Alimkazia macho, akingoja ababaike. Shemeji alicheka kidogo. "Unaniogopa, eh? Haya." Akakipeleka kikombe mdomoni bila kusita.

Mama Miiba alikipiga kofi. Kikaruka, kikavunjikia ukutani.

Alipoelezwa, shemeji alikaa sakafuni, jasho likimtiririka. "Mimi nilidhani ni mtandamboo uleule, ila wa bustani, usio na miiba," alisema. Akainua uso. "Na wewe ulijua, ukanipa?"

"Nilitaka kukuona."

"Na kama ungechelewa?"

Mama Miiba aliinama kuokota vigae vya kikombe.

Shemeji alikwenda kukifukua kichaka cha hotelini, akakizika mbali. Hakuhama. Lakini tangu hapo kila mmoja alijipikia chai yake, na sufuria zao hazikukaa jiko moja. Wateja wakiuliza kulikoni, Mama Miiba alikata uzi kwa meno na kusema, "Tunaheshimiana tu."