Muhogo wa Bwana Shamba

Juzi nilikwenda Utange harusini, kwa mjukuu wa jamaa yetu. Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kutawadhia, nikapita kando ya pipa lililofunikwa gunia. Ndani mlikuwa na muhogo uliorowekwa siku kadha. Harufu ile ilinipanda puani ikashuka tumboni, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu, na buibui langu jipya, nikashika ukuta nikatapika. Wenyeji waliniletea maji ya ndimu wakasema ni jua. Sikubishana nao. Lakini wewe nitakwambia, maana umri wetu ni mmoja na tumenusa mengi pamoja: halikuwa jua. Ilikuwa harufu ya utoto wangu, na ninaichukia mpaka leo.

Wakati wa vita vikuu vya pili, nilipokuwa msichana mdogo, Utange ilikuwa mashamba na vichaka tu. Udongo wetu ulikuwa mwembamba juu ya mawe, na mvua ilipokosa, jembe lilikuwa likigonga mwamba na kutoa cheche. Mahindi yalinyauka yangali mafupi kama mimi. Kilichostahimili ni muhogo, na muhogo tuliokula sisi ulikuwa wa bibi yangu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Mbegu yake aliirithi kwa mama yake. Hakuwahi kuipa jina, aliuita muhogo wetu, basi. Ulipochemshwa ulipasuka wenyewe, ukafunguka mweupe, laini, hauna hata uzi mmoja. Mimi nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi huku nikiiba vipande. Bibi alimimina tui zito mwisho, akaangusha pilipili mbichi nzima, akakamulia ndimu, na harufu ikatoka mpaka njiani. Nimekula vyakula vya watu wengi tangu hapo, wala sijaonja tena kitu kama kile.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamke kutoka bara, Mkristo, aliyeteremka na mumewe na watoto mwaka ambao njaa iliwabana kwao. Bibi ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga na kisima cha kuteka maji. Yeye alimwita bibi mayo, kama wamwitavyo mama kwa lugha yao. Sahani zilikuwa hazikai nyumbani, zilikwenda na kurudi baina ya nyumba mbili, na haikuwezekana kurudisha sahani tupu wala kusema neno juu ya kilichomo ndani yake. "Chakula hakitiwi ila," bibi alizoea kutuambia, na kwa chakula cha jirani yule alikuwa mkali maradufu. Hakutaka hata siku moja isemwe kwamba sisi watu wa mwambao tunadharau mikono ya watu wa bara.

Kisha akaja Bwana Shamba. Alikuwa kijana wa Kiafrika mwenye kofia ngumu na soksi ndefu, amefuatana na mzungu mwembamba ambaye tuliambiwa kazi yake ni kutafiti vyakula vya nchi za ukame. Walipita mashambani wakigeuza majani ya mihogo. Majani yetu yalikuwa na batobato, yamejikunja na kupata madoa ya manjano, na sitaki kuwadhulumu watu wale: ugonjwa ulikuwapo kweli. Wao walikuwa na muhogo mpya usioshikwa na batobato, unaozaa hata mvua ikiwa haba, na ambao nyani hawaugusi. Bibi alipolisikia hili la nyani akaguna. Bwana Shamba akasema ni mchungu kidogo, unahitaji kurowekwa, kuanikwa na kutwangwa unga, lakini kwanza wataupika ili wenyeji wauonje na watoe maoni yao.

Wakamchagua jirani yetu awe mpishi, kwa kuwa kwao bara muhogo mchungu aliujua. Siku hiyo wanawake wote wa karibu waliitwa uwanjani kwetu, wakakaa mikekani, na sima ikaletwa. Sijui nikusimulie vipi. Rangi yake ilikuwa ya jivu lililoloweshwa. Ilinuka maji ya mtaro, ikavutika kama ulimbo, haina chumvi, na chini kabisa ilikuwa imeungua. Nilimwona mama mmoja machozi yakimlengalenga kwa kuzuia koo lake lisirudishe. Na jirani yetu amesimama pale pale mlangoni, mikono imekunjwa, anatutazama mmoja mmoja.

Mzungu alikuwa na mizani ndogo. Hakuuliza maswali mengi. Njia yake ilikuwa kupima kilichobaki sahanini, akiamini kwamba mtu akikichukia chakula atakibakiza. Labda kwao ndivyo. Hakujua kwamba kwetu sahani ikibaki na chakula aliyetukanwa ni mpishi, na mpishi alikuwa anatutazama. Basi kila mama akamega, akatabasamu, na mkono ukapita nyuma ya mgongo. Nyuma ya mgongo tulikuwa sisi watoto. Bibi alinitia tonge kiganjani, na jingine, na jingine, nami nikameza kwa kuwa tonge la mkono wa bibi halikataliwi. Sahani zilirudi safi kana kwamba paka wamezilamba. Bwana Shamba alipouliza wameonaje, bibi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa wote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Alhamdulillahi. Mikono ya huyu mwanangu ina baraka." Wote wakaitikia. Mzungu akatabasamu mpaka masikio yakawa mekundu.

Nilitapika tangu alasiri mpaka jua likazama. Bibi alinisugua mgongo akaniambia nisitapike kwa kelele, jirani atasikia.

Baada ya wiki chache ikaja amri. Kwa kuwa wenyeji wameupenda muhogo mpya, mihogo ya zamani yote ing'olewe na kuchomwa moto, batobato isisambae. Wakaja vibarua na majembe. Bibi alikwenda hadi ukingoni mwa shamba lake, akamwomba Bwana Shamba amwachie tuta moja tu, lile la karibu na jikoni, la mbegu ya mamake. Hakupata kumwomba mtu kitu mbele yangu kabla ya siku hiyo.

"Lakini bibi," Bwana Shamba akasema, tena kwa upole, "si wewe uliyeusifu kuliko wote? Sahani yako haikubaki hata punje."

Bibi akafungua kinywa. Jirani yetu alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, amembeba mwanawe mgongoni. Bibi akamtazama, akakifunga kinywa. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba kile chakula kilikuwa uchafu, na tuta lile pengine lingepona. Hakulisema. Mihogo ikang'olewa na mizizi yake, mingine minene kama paja la mtu, ikatupwa motoni pamoja na majani. Harufu yake ikiungua ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Vibarua walipoondoka, jirani akaja akaketi chini mbele ya bibi.

"Mayo, kumbe uliupenda kweli ule muhogo?"

Bibi akaendelea kuutazama moto.

"Maana mimi nalikipika chakula kile vibaya makusudi," akasema. "Naliuacha majini mpaka ukaoza. Chumvi sikutia. Nikaiunguza. Mwana wa dadangu kule bara alikufa kwa muhogo huo, mwaka wa njaa, haukurowekwa ukatosha. Nikasema, hawa wakiutema wote mbele ya mzungu, atauchukua muhogo wake aende nao."

"Na mbona hukunambia?"

"Nikwambie vipi, na Bwana Shamba hakubanduka kwangu tangu siku nilipouroweka? Nalijua mutatema. Nani asingetema? Nikakutazama wewe, mayo. Nikakuona wamega, wasifu."

Bibi akajipangusa uso uliomwiva kwa moshi. "Nalisifu kwa sababu ni wewe ulopika," akasema. "Angepika mwengine, ningetema."

Kisha akageuza uso akatema mate chini, yeye ambaye alitukataza kutema mate hata tukiwa na kikohozi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Miaka iliyofuata Utange nzima ilinuka. Kila ua ulikuwa na mitungi na madebe ya muhogo unaooza majini, povu la kijivu juu, nzi wakubwa wa kijani ukingoni. Makopa, vile vipande vya muhogo vilivyoanikwa juu ya mapaa, yaliota ukungu mweusi, nasi watoto tukayakwangua kwa vigae kabla ya kuyatwanga. Unga uliingia nyweleni na katika nguo za Idi. Nilikwenda chuoni nikinuka, na mwalimu wetu wa Kurani, yeye pia akinuka, akituambia tukae mbali mbali. Njaa hatukufa nayo, nakiri hilo. Mwenye kutaka kumsifu mzungu na mizani yake na amsifu. Nyani walikuja mara moja, wakang'oa mzizi mmoja, wakauma, wakautupa, wakaenda zao Kisauni. Nilikuwa nimetumwa kuwafukuza, nikasimama na jiwe mkononi nikiwaonea wivu. Katika sisi sote ndio pekee waliotoa maoni yao.

Bibi na jirani yetu wameshatangulia mbele ya haki. Mashamba yamekuwa vyumba vya kupangisha. Mbegu ile nimeitafuta mpaka Timbwani, ng'ambo ya kivuko, kwa kila mzee niliyesikia ana tuta la muhogo nyuma ya nyumba. Wajukuu zangu wanajua. Wakisafiri hurudi na muhogo gazetini, wanaupika kwa tui zito kama nilivyowaelekeza, wananizunguka wote, na yule mdogo ndiye huniuliza, "Bibi, ndio huu?"

Huwa nautafuna polepole. Una nyuzi, au una maji, au ni mkavu kooni. Nawatazama nyuso zao, na yule aliyepika amesimama mlangoni anangoja.

"Ndio huu, wanangu," nawaambia. "Mashallah, ndio huu huu." Halafu naumaliza wote.