Saa ya Ng'ombe Kurudi Nyumbani

Tangu mama atuage, babangu anaishi nami hapa Kitengela, na kila jua likianza kuinama anashika fimbo yake aende kupokea ng'ombe. Hakuna ng'ombe. Ukame uliwamaliza kule kwetu Kajiado, mmoja baada ya mwingine, na ni yeye aliyekuwa akijaribu kuwainua kwa mikono yake walipolala wasiweze kusimama tena. Hilo amelisahau. Lililobaki kichwani mwake ni kwamba jioni inakaribia, mifugo iko njiani, na mwanamume hawezi kukaa kitini akitazama televisheni huku ng'ombe wake wakiingia bomani bila mwenyewe.

Nimejaribu kumwambia ukweli. Anashtuka, anaketi, anamlilia kila mmoja kwa rangi yake, na chai ikifika mezani ameshausahau msiba. Mimi nabaki nao. Nimejaribu pia uongo: wamesharudi, baba, wamelala. "Nani amewahesabu?" ananiuliza, na macho yanakuwa makali kama ya zamani. Hapo nashindwa, kwa sababu ni swali la haki.

Niseme wazi kwamba huwa nakasirika, tena sana. Wenzangu kanisani huniambia nimebarikiwa kumtunza mzazi, nami huitikia amina huku nikitamani mmoja wao aje akae naye alasiri moja tu. Mshauri wa kliniki aliniambia hasira ikipanda nifumbe macho, nivute pumzi polepole, nihesabu hadi kumi. Ni mwanamke mwema, na ushauri wake unamfaa mtu ambaye babake hutulia. Wangu akiona nimefumba macho, anajua huo ndio wakati wa kwenda getini.

Na geti ndilo lililoninyima usingizi. Nje kuna njia ya vumbi, na mwisho wa njia hiyo ni barabara kuu ya Namanga, malori ya saruji na ya kokoto yakikimbizana kutwa. Wasemao husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa mzazi je, nani anaujua? Nilichokuwa nikikiita hasira kilikuwa hofu. Nilikuwa namfokea babangu sebuleni kwa sababu ya lori ambalo lilikuwa bado halijamgonga. Nililijua hilo vizuri, na bado nilimfokea.

Siku moja bauza la maji lilikuja alasiri. Nikafungua geti, nikamwelekeza dereva kwenye tangi, nikasimama kushikilia mpira usiruke. Bauza lilipoondoka nikarudi ndani nikakuta kiti kitupu.

Nilitoka mbio na malapa yangu. Mama anayeuza sukuma kwenye kibanda akaniashiria kwa kisu hata kabla sijauliza. "Mzee wako amepita hapa sasa hivi, akaenda hivyo! Mimi nilidhani mko pamoja!"

Nilimkuta ukingoni mwa lami, fimbo imelala mabegani, mikono yote miwili imeiangukia, anatazama ng'ambo. Lori likapita, shuka yake ikapepea hadi usoni, wala hakurudi nyuma hata hatua. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga njia nzima. Unataka kuniua kwa presha. Ng'ombe wako walikufa, walikufa wote, uliwaona kwa macho yako. Nilifika mdomo ukiwa wazi.

Akageuka. Hakunijua. Aliona tu mwanamke aliyekuja mbio, machozi usoni, lapa moja mkononi.

"Nakitok, takwenya," akasema, kama mzee wa Kimaasai anavyomsalimu mwanamke yeyote.

Kwetu salamu haiachwi ikielea. Hata nyumba iwe inaungua, ukisalimiwa unaitikia kwanza, na mbele ya mzee wa rika la babako unainamisha kichwa akuguse utosini. Mwili wangu ulifanya hivyo kabla mimi sijaamua. "Iko," nikaitikia, nikainama, na mkono wake ukatua kichwani mwangu, mkavu na mzito. Jaribu wewe kumgombeza mtu akiwa amekuwekea mkono kichwani.

"Mbona unalia?" akaniuliza kwa Kimaasai.

Mpaka leo sijui jibu lile lilitoka wapi. "Namtafuta babangu. Amepotea."

Aliitazama barabara, kule ng'ombe wake walikotakiwa kutokea, kisha akanitazama mimi. Nilimwona akipima.

"Ni mzee sana?"

"Sana."

"Anaona?"

"Anaona vizuri. Ni kusahau tu."

"Basi twende tumtafute," akasema. "Ng'ombe wanajua njia ya nyumbani."

Na akaipa barabara mgongo. Miezi yote hiyo nguvu zangu zilikuwa zimeshindwa kumgeuza, na uongo wangu pia. Tulipanda njia ya vumbi polepole, yeye mbele, akichungulia kila kichochoro. Kwenye kibanda akasimama kumuuliza mama wa mboga, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kama ameona mzee amepita. Mama wa watu akaniangalia, akamwangalia yeye, akashusha kisu.

"Nimemwona, mzee," akamjibu. "Ameenda huko juu, kwa ile geti ya kijani."

Getini alisimama nje kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Ndio kwenu?"

"Ndio."

Akaniita kando, mbali kidogo na geti, akateremsha sauti ili aliye ndani asisikie. "Ukimkuta, usimgombeze. Mtu akipotea anakuwa ameogopa."

"Sitamgombeza," nikamwambia, nikamfungulia geti apite.